Jiko la kilowati 11 katika nyumba ya kilowati 3: kisa cha nyumba moja ya Muhumba

Kisa hiki kilianza na kichwa kuuma. Koko, mama mzazi wa mwenye nyumba, mwanamke wa miaka 80 na zaidi, asubuhi moja ya Julai hakuweza kuinuka kitandani. Alitapika, akasema kichwa kinampasuka na kuta zinazunguka. Usiku walikuwa wamemwekea chumbani babula, jiko dogo la makala (mkaa), kama wafanyavyo watu wengi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, baridi inapokaza, mlango umefungwa na kitambaa kimesokomezwa chini yake ili upepo usipite. Mjukuu aliyempelekea chai ndiye aliyemwokoa bila kujua: alipokimbia kumwita baba yake, aliuacha mlango wazi.

Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, na ndiyo maana watu huyaamini. Lakini yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hakohoi, hashtuki, haamki. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji alichukue hata asipomaliza kusoma, ni hili: babula isilale ndani na watu, hata usiku mmoja, hata dirisha likiwa wazi kidogo.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima unamwita Papa Mwalimu. Siku ya pili yake alinipigia simu. "Fundi, lile jiko la barazani lisimikwe wiki hii hii. Mama yangu hatalala tena na makala."

Jiko lenyewe nilikuwa nimeliona. Mpwa wake anayeishi Ubelgiji alilinunua mtumba, akalituma kwa kontena, na kwa karibu mwaka mzima lilikuwa limekaa barazani chini ya turubai. Ni chuma cha kumimina, zito la kubebwa na wanaume wanne, lina mlango wa kioo, na nyuma lina kibati kilichoandikwa kilowati 11, yaani nguvu ya joto linalotoa. Jiko zuri kweli. Nilimwomba Papa Mwalimu siku kumi kabla ya kuligusa. Hakufurahi, na sikumlaumu, kwa maana mtu ambaye mama yake amenusurika hataki kusikia habari za vipimo. Tulikubaliana kwamba kwa siku hizo Koko atalala na blanketi mbili na chupa ya maji ya moto miguuni, na babula itakaa nje.

Nyumba yenyewe

Ni nyumba ya zamani, ya wakati mji huu ulipoitwa Costermansville, katika mtaa wa Muhumba unaoteremka kuelekea ziwa. Kuta ni za tofali la kuchoma, nene, zimepigwa lipu pande zote mbili. Madirisha ni makubwa, ya fremu za chuma na kioo kimoja chembamba. Paa ni manjanja (mabati), na chini yake plafo (dari) ya triplex, yaani ubao mwembamba wa tabaka, ambayo mvua za miaka mingi zimeitoboa. Mahali pawili ukiinua kichwa unaona misumari ya manjanja. Katika salo (sebule) kuna shemine, yaani meko ya ukutani, ya tofali waliyoiacha wajenzi wa kwanza, iliyozibwa kwa ubao.

Wageni hushangaa tukisema Bukavu kuna baridi, kwa sababu tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Lakini tuko pia kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Julai na Agosti, mvua zikikatika, mbingu zinabaki wazi usiku kucha na joto la mchana linapotea juu. Niliacha vipimajoto vitatu katika nyumba ile: kimoja nje upande wa kivuli, kimoja salo, kimoja chumbani kwa Koko. Katika usiku kumi, kipimo cha chini kabisa nje kilikuwa digrii 12, saa kumi na moja alfajiri. Salo haikuwahi kushuka chini ya 16. Chumba cha Koko, chenye ukuta unaotazama ziwa, kilifika 15.

Hizo namba tatu zilikuwa zimeshabadilisha shauri lote kabla sijafungua daftari. Kwa kijana mwenye sweta digrii 16 si kitu, ila mzee anayekaa bila kutembea inamwumiza. Hata hivyo, kutoka 12 hadi 20 ni digrii nane tu.

Swali la pili lilikuwa: tunapasha joto wapi? Papa Mwalimu alitaka nyumba nzima, vyumba vinne, korido na jikoni. Nilimwuliza nani anakaa wapi kuanzia saa kumi na moja jioni. Jibu likawa wazi: wote wako salo, Koko peke yake analala mapema, na chumba chake kinapakana na salo kwa mlango mmoja. Watoto wanalala vizuri na blanketi zao. Kwa hiyo tukachora mstari kuzunguka vyumba viwili: salo ya mita 7 kwa 4.5, na chumba cha mita 3.5 kwa 3.2, vyote vya urefu wa mita 2.9 kwenda juu. Eneo ni mita za mraba 43 hivi, ujazo mita za ujazo 124.

Mpwa wake alipataje 11

Nilizungumza naye kwa simu, na nataka nimtendee haki, maana hakununua kwa kubahatisha. Ulaya kuna kanuni nyepesi ambayo wauzaji hupenda, hasa Uingereza: chukua ujazo wa chumba, gawanya kwa 14, utapata kilowati. Ujazo wetu wa 124 ukigawanywa kwa 14 unatoa karibu 9. Akaongeza kidogo kwa ajili ya nyumba kuwa ya zamani, akachukua 11.

Kanuni haina kosa huko ilikotoka. Imefichwa ndani yake barafu: inadhani nje ni kama digrii moja chini ya sifuri na ndani watu wanataka 21, yaani tofauti ya digrii 22. Sisi tofauti yetu ni nane. Ukichukua ile 9 ukaipunguza kwa uwiano wa nane kwa 22, unabaki na kilowati 3 na kidogo. Kanuni ya watu ukiisafirisha, safirisha na hali ya hewa yake.

Sikutaka kutegemea mkato huo peke yake. Nikakaa na Papa Mwalimu mezani, tukahesabu joto linapotoka, sehemu kwa sehemu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hapo ndipo alipoanza kuwa upande wangu.

Hesabu inakwenda hivi. Kila kipande cha nyumba kina tabia yake ya kupoteza joto, na tunaipima kwa wati ngapi zinapita katika mita moja ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti. Ukuta wa tofali kama ule, mbili hivi. Kioo kimoja katika fremu ya chuma, sita. Triplex nyembamba chini ya manjanja, tatu na nusu, na hapo nimeihurumia. Kuta za nje tukitoa madirisha ni mita za mraba 35: wati 70 kwa digrii. Vioo vyote ni mita za mraba 8.5: wati 51. Kuta zinazopakana na korido na vyumba visivyopashwa joto tulizikadiria wati 55, kwa sababu upande wa pili si baridi ya nje. Hewa inayopenya chini ya milango na kwenye vioo vilivyopasuka, tukisema hewa yote ya vyumba inabadilika mara mbili kwa saa, inabeba wati 82. Sakafu tuliiacha. Ardhi ya Bukavu chini ya nyumba inakaa karibu na joto la wastani wa mwaka, digrii 19 au 20, kwa hiyo simenti haitunyang'anyi kitu, ingawa mguu mtupu unaiona baridi.

Halafu plafo. Mita za mraba 43 mara tatu na nusu: wati 150 kwa kila digrii. Peke yake ilikuwa inapoteza zaidi ya kuta za nje na vioo vikiwekwa pamoja.

Papa Mwalimu aliweka kalamu chini. "Kumbe tunataka kuwasha kuni ili tupashe manjanja."

Jumla ilikuwa wati 408 kwa digrii. Mara digrii nane, ni wati 3,264. Kilowati 3.3, dhidi ya 3.2 tuliyoipata kwa kuirekebisha kanuni ya Waingereza. Njia mbili tofauti zikikutana karibu hivyo, napata usingizi.

Lakini hakuna sababu ya kununua jiko la kupasha tundu. Tukahesabu tena tukidhani plafo imetengenezwa na juu yake imewekwa frigolite (povu jeupe jepesi la plastiki) ya sentimita tano: kutoka wati 150 inashuka hadi 29. Tukadhani vioo vilivyopasuka vimebadilishwa na milango imewekewa mpira, hewa ibadilike mara moja tu kwa saa: 82 inakuwa 41. Jumla mpya, 246. Mara nane, kilowati 2 kasoro kidogo.

Hiyo ni ya kudumisha joto. Kulipandisha kunahitaji zaidi, kwa sababu tofali nene hunywa joto kwanza kabla ya kumwachia mtu. Ukiongeza nusu yake unapata 3. Na huku juu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, jiko linapumua kwa shida kidogo, kwa hiyo nisingependa liwe la 3 kamili. Nikaandika chini ya ukurasa: kilowati 4.

"Likizidi tutafungua dirisha"

Hapa ndipo tulipobishana kweli. Papa Mwalimu alikubali hesabu, lakini akasema, "Fundi, kikubwa kinabeba kidogo. Jiko la 11 tutaliwasha polepole. Likizidi tutafungua dirisha."

Nimeisikia kauli hiyo kwa watu wengi, na ina sura ya busara. Kasoro yake iko katika jinsi kuni inavyoungua. Kuni haiungui kama makala. Sehemu kubwa ya uzito wake, karibu robo tatu, hugeuka hewa zinazoungua (gesi) kwanza, na ni zile hewa zinazotoa ule mwali mrefu wa manjano. Ili ziungue zote zinahitaji moto mkali, digrii 600 hivi, na hewa ya kutosha. Ukilifunga jiko kubwa ili litoe kilowati 2 badala ya 11, umelinyima hewa. Moto unapoa, zile hewa zinapanda bila kuungua, zikikutana na ukuta baridi wa dohani zinaganda kuwa lami nyeusi inayonata. Unapoteza zaidi ya nusu ya kuni uliyonunua, jirani anavuta moshi wako, kioo cha mlango kinakuwa cheusi, na siku moja ile lami inashika moto ndani ya dohani, mngurumo kama wa lori, moto unaopita digrii 1,000, sentimita chache kutoka kwenye mbao za paa.

Akauliza tena, na lilikuwa swali zuri: je, tukiweka kuni chache na kuziwasha kwa nguvu? Kwa jiko la tofali zito lenye kuhifadhi joto, ningesema ndiyo. La chuma halihifadhi. Salo itafika 28 kwa saa moja, Koko atahamisha kiti, madirisha yatafunguliwa, na saa tatu usiku baridi imerudi. Mama wa nyumba, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, alimaliza mjadala. "Bugali ya watu wawili huisongi katika sufuria ya arusi. Inaungua chini, juu mbichi."

Dohani

Jiko la chini ya ukubwa nalo lina hatari yake: watu hulishindilia kuni mpaka chuma kinakuwa chekundu na kupinda. Lakini katika kisa hiki kilichonisumbua zaidi baada ya ukubwa ni dohani ya shemine ya zamani. Watu wanadhani wakiwa na shemine wana dohani tayari. Ile ilijengwa kwa moto wa wazi, ambao hupeleka juu sehemu kubwa kabisa ya joto lake na kuvuta hewa baridi kutoka vyumba vingine. Upana wake wa ndani ulikuwa sentimita 30 kwa 30, yaani 900 za mraba. Jiko dogo linahitaji bomba la sentimita 15, ambalo ni 177 za mraba. Mara tano tofauti.

Moshi mchache ukimwagwa katika shimo pana hivyo unapoa kabla ya kutoka. Na moshi uliopoa hauvuti. Majiko mengi hupimwa kwa mvuto wa paskali 12 (paskali ni kipimo cha shinikizo la hewa). Nilipiga hesabu ya mita 5 za dohani kwa hewa ya Bukavu: moshi ukibaki digrii 200 unapata karibu paskali 20, ukipoa hadi 80 unapata kama 10 tu. Tuliteremsha bomba jembamba ndani ya dohani ya tofali, tukaliinua sentimita 90 juu ya paa linapotokea. Bomba ni la chuma cheusi cha milimita 2 kilichokunjwa. Kuna aliyetushauri tutumie galva ya maji, bomba la chuma lililopakwa zinki, kwa sababu iko kila duka. Galva ikipata moto mkali inatoa mvuke wa zinki, na mvuke huo unaumiza mapafu. Karibu na jiko haifai kabisa. Frigolite nayo tuliikata nusu mita kutoka dohani pande zote, tukaweka vipande vya tofali kati, kwa sababu karibu na digrii 100 inalainika na ikishika moto haizimiki kirahisi.

Jiko lenyewe lilitengenezwa Kadutu, sehemu nyingine ya mji, na kijana anayechomelea mageti. Nilimpa mchoro: bati la chuma la milimita 4, ndani tofali za moto, chumba cha kuni cha sentimita 35 kwa 28 kwa 25, mlango unaobana, tundu la hewa chini na jingine juu ili zile hewa za kuni ziungue, na bamba la kuuzuia mwali usikimbilie bombani moja kwa moja. Alilifanya mara mbili, kwa kuwa mlango wa kwanza ulipinda. Tulilipima kwa mizani. Likiwaka vizuri linakula kilo 1.4 kwa saa. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kilowati-saa 4 hivi, na kama nusu na kidogo inabaki chumbani, hiyo ni kilowati 3. Likisukumwa linafika 4.

Mkaratusi mbichi unaweza kuwa na maji hata nusu ya uzito wake, na jiko lolote litashindwa nao. Mvua zetu zinaanza Septemba na haziishi mpaka Mei, kwa hiyo kuni za mwaka lazima zipasuliwe Juni na kupangwa chini ya manjanja, ubavu wazi, upepo upite. Nilimfundisha mjukuu kupima gogo moja kwa mizani kila Jumapili na kuandika ukutani. Lilianza na kilo 1.9. Lilipofika 1.3 na kukaa hapo wiki mbili, tuliziruhusu ziingie ndani.

Baada ya mwaka

Nilirudi Julai iliyofuata na vipimajoto vyangu vilevile. Nje digrii 12 na nusu alfajiri. Salo saa tatu usiku ilikuwa 20 na nusu. Chumba cha Koko kilibaki 17, na hilo lilikuwa kosa langu: nilidhani mlango wazi unatosha, kumbe joto linapanda na kukwama juu ya fremu. Tulitoboa tundu la sentimita 20 kwa 40 ukutani juu ya mlango, kikafika 18 na nusu. Wanawasha saa kumi na moja jioni hadi saa tatu, na tena kwa saa mbili alfajiri. Kilo 5 hadi 6 za kuni kwa siku.

Chini ya dirisha la salo nimeacha tundu la sentimita 10 kwa 10 la kulipa jiko hewa, na nimewakataza kulizibia tambara. Mpwa wake alileta kifaa cha betri kinacholia monoksidi ya kaboni ikizidi. Kiko ukutani kwa Koko, na kila Jumamosi yeye mwenyewe anabonyeza kitufe asikie sauti yake. Jiko la kilowati 11 limepelekwa kwenye ukumbi wa parokia moja huko juu Kabare, ukumbi wa watu 200 usio na plafo, ambako lina kazi ya kutosha.

Siku hiyo tulisafisha bomba. Papa Mwalimu alitandika gazeti chini, mjukuu akasukuma brashi kutoka juu ya paa. Kilichoanguka kilikuwa masizi makavu ya rangi ya kahawia, kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Hakukuwa na lami.